Samaki Mmoja Akioza: Faida na Hatari ya Kuwasema Watu kwa Jumla, katika Historia ya Jinja na Mbale

Kila kitabu cha ukumbusho hujaa maneno ya jumla. Huandikwa kwamba Waislamu wa Jinja walifanya kadha na Waislamu wa Mbale wakafanya kadha. Kwamba Waarabu walileta dini, Wahindi wakaleta biashara, na Wanubi wakaleta bunduki. Maneno hayo si uongo, wala mwandishi wa historia hawezi kuyaacha, kwani ni nani awezaye kumtaja kila mtu kwa jina lake na jina la baba yake? Lakini maneno kama hayo hayo ndiyo yaliyoleta misiba mikubwa katika nchi ya Uganda. Watu waliuawa, wakafukuzwa na kunyang'anywa mali zao, si kwa kosa walilolitenda, bali kwa jina waliloitwa. Kwa hiyo yafaa jambo hili litazamwe katika historia yenyewe, ili msomaji apate kujua neno la jumla linafaa wapi, na wapi linadhuru.

Mithali ya Waswahili yasema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mithali hiyo ni ya kweli kwa samaki waliofungiwa katika tenga moja. Hata hivyo, huko Jinja kwenye ufuko wa Ziwa Nyanza, mnunuzi mwenye akili haitegemei mithali. Hufunua matamvua ya kila samaki, akatazama kama bado ni mekundu, ndipo atoe fedha yake. Ikiwa uangalifu huo wastahili kwa kitoweo cha siku moja, basi mwanadamu anastahili uangalifu mkubwa zaidi.

FAIDA YA NENO LA JUMLA

Hapana elimu pasipo neno la jumla. Mganga husema homa hii huletwa na mbu, ingawa hakumwona kila mbu. Mwanachuoni husema watu wa nchi fulani ni wafuasi wa Imamu Shafi, ingawa hakumuuliza kila mmoja. Na mwenye kuandika historia husema kwamba Uislamu uliletwa Uganda na wafanya biashara wa pwani. Mmoja wao, Ahmad bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka wa Buganda mwaka wa 1844. Kisha dini ikaingia Busoga kwa njia mbili: kwa upande wa magharibi kutoka Buganda, na kwa upande wa mashariki kwa misafara iliyopita kwa Mumias. Maneno hayo ni kweli kwa jumla, hata kama wengi wa wafanya biashara hao walikuja kutafuta pembe za ndovu tu, wala hawakumfundisha mtu hata alifu na be.

Lipo pia neno la jumla lililowafaa Waislamu wenyewe. Katika zama za utawala wa Kiingereza skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Ndipo waliposimama watu wakasema wazi: watoto wa Kiislamu wa Uganda wamebaki nyuma katika elimu. Hiyo ilikuwa kauli ya jumla, tena yenye kuumiza. Lakini lau kila mzee angedhani kwamba ni mtoto wake peke yake asiyesoma, ugonjwa usingalijulikana, na dawa isingalitafutwa. Matunda ya kauli hiyo yalikuwa ni skuli zilizojengwa na Waislamu wenyewe kwa michango yao. Kisha katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka wa 1974 likapita azimio la kujenga Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda. Chuo hicho kilifunguliwa Mbale mwaka wa 1988, na milango yake haikufungwa kwa wasiokuwa Waislamu.

Msomaji aitazame vyema kauli hiyo ya elimu. Ilitokana na hali iliyoonekana kwa macho, ikaeleza sababu, ikaacha nafasi ya kubadilika. Haikusema kwamba Mwislamu kwa asili yake hapendi elimu. Ilisema kwamba Waislamu, kwa sababu hizi na katika zama hizi, wamekosa elimu. Kauli ya namna hiyo humtia mtu katika kazi. Ile ya namna ya kwanza humtia katika kukata tamaa, na humfanya jirani yake amdharau.

BUNYA, 1885

Katika nchi ya Bunya, mashariki ya Jinja, alikuwako mtawala wa Kisoga jina lake Luba. Katika muda wa miaka kumi na miwili nchi yake ilishuhudia mambo mawili makubwa, na yote mawili yana mafunzo katika habari hii.

Katika Buganda ilikuwako itikadi kwamba atakayeila nchi atatokea upande wa mashariki. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington alifika Busoga kutoka Mombasa kwa njia ya Umasaini, yaani upande ule ule uliohofiwa. Luba alimkamata, habari zikapelekwa kwa Kabaka Mwanga, na kwa amri ya Mwanga askofu huyo akauawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Hofu ya Mwanga haikuwa ya upuuzi. Katika miezi hiyo hiyo Wadachi walikuwa wakijitwalia nchi huko pwani ya Afrika ya Mashariki, na haikupita miaka kumi kabla ya Buganda yenyewe kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Basi neno la jumla, kwamba Wazungu wanakuja kuzila nchi, lilikuwa na kweli nyingi ndani yake. Lakini Mwanga hakumhukumu Hannington kwa jambo alilolitenda. Alimhukumu kwa rangi yake na kwa upande wa dunia aliotokea. Na wale wapagazi walikuwa na kosa gani, isipokuwa kuchukua mizigo ya mtu huyo? Kauli ya jumla yaweza kuwa kweli, na hukumu iliyojengwa juu yake ikawa dhuluma.

Haukupita muda mrefu, Waganda wenyewe wakagawanyika kwa majina. Waliofuata misheni ya Kiprotestanti waliitwa Wangereza, na waliofuata mapadre wa Kikatoliki wakaitwa Wafransa. Mtu aliyezaliwa Buddu, asiyejua hata neno moja la Kifaransa, aliitwa Mfransa; na mwezi wa Januari 1892, huko Mengo, alipigana na ndugu yake wa ukoo mmoja aliyeitwa Mngereza. Jina lilitangulia mbele ya udugu. Waislamu nao, ambao walikwisha kushindwa katika vita vya miaka iliyotangulia, walihesabiwa kuwa kundi la tatu, wakatazamwa na makundi yote mawili kwa jicho la shaka.

BUNYA, 1897

Jambo la pili la nchi ya Luba lilikuwa ni uasi wa askari wa Kisudani. Askari hao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walioletwa Uganda na Kapteni Lugard mwaka wa 1891. Waliitwa Wasudani, na baadaye Wanubi, kana kwamba ni kabila moja, hali walitoka katika makabila mengi ya nchi za juu za mto Nile. Dini, jeshi na lugha ya Kiarabu walichojifunza kambini ndivyo vilivyowaunganisha.

Tangu mwaka wa 1893 watawala waliingiwa na hofu kwamba Wasudani na Waganda Waislamu wataungana. Ofisa mkubwa wa Kisudani, Selim Bey, alikamatwa akapelekwa pwani, akafa njiani. Mwana wa kifalme Nuhu Mbogo, mkubwa wa Waislamu wa Buganda, alipelekwa Zanzibar, asirudi ila baada ya miaka miwili.

Mwezi wa Septemba 1897 baadhi ya askari wa Kisudani waliasi huko Ravine. Walisafiri hata Busoga, na mwezi wa Oktoba wakaikamata boma iliyokuwa kwa Luba. Ofisa wao, Meja Thruston, pamoja na Wazungu wengine wawili, waliuawa humo. Walikuwapo waliosema mara moja kwamba hivyo ni vita vya dini, na kwamba Waislamu wote wa nchi watasimama.

Msomaji apime kauli hiyo kwa mambo yaliyotokea. Askari hao walikuwa na manung'uniko yao: mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko ule wa wapagazi wa pwani, tena hukawia kufika, walichoshwa na safari zisizokwisha, na safari hiyo walitakiwa kwenda nchi ya mbali wasiyoijua. Hayo ni manung'uniko ya askari, ambayo yaweza kutoka katika jeshi lolote na dini yoyote. Zaidi ya hayo, katika jeshi la Serikali lililopigana nao juu ya kilima cha Luba tarehe 19 Oktoba, sehemu kubwa walikuwa watu wa pwani, Waswahili, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Naye Nuhu Mbogo, yule yule aliyehofiwa mwaka wa 1893, hakujiunga na waasi bali alibaki upande wa Serikali. Hivyo Waislamu walikuwamo kati ya walioasi, na kati ya waliopigana na walioasi, na kati ya waliokaa majumbani mwao wakiomba amani.

MBALE NA ALAMA YA TOHARA

Mtu mmoja ajulikanaye Jinja na Mbale pia aonyesha jinsi ilivyo vigumu kumtia mwanadamu katika chungu kimoja. Huyo ni Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa Buganda na Mprotestanti. Aliingia nchi za mashariki mwaka wa 1899 akazitia chini ya utawala. Mji wa Mbale ulikua pembeni mwa makao yake, na wafanya biashara wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi wakafuata hapo. Tangu mwaka wa 1906 hata 1913 alikuwa Rais wa baraza la Busoga, Jinja. Baadaye aliwaacha Waprotestanti akaingia katika kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Na mwaka wa 1919, baada ya kuisoma Taurati mwenyewe, alijitahiri pamoja na wanawe akatangaza kwamba yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka wa 1928, na wafuasi wake, wajiitao Abayudaya, wangali wapo karibu na Mbale.

Hebu msomaji ataamali neno hili la tohara. Mwislamu hutahiriwa akiwa mdogo, kwa kufuata sunna ya Nabii Ibrahimu. Mwana wa Abayudaya hutahiriwa siku ya nane, kwa kufuata Taurati. Kijana wa Kigisu hutahiriwa akiwa amekwisha kubaleghe, katika sherehe ya imbalu ifanywayo mwaka mmoja na kupita mwingine, akisimama wima mbele ya ukoo wake bila ya kupepesa jicho, ili ahesabiwe mwanamume; naye huenda akawa Mkristo, au Mwislamu, au mfuasi wa mila za mababu. Mgeni akiwaona watatu hao pamoja angesema wana ada moja. Angekuwa amesema kweli juu ya mwili, na amekosa juu ya moyo. Alama ni moja, na maana zake ni tatu.

Na hao waitwao Waislamu wa Jinja na Mbale, ni watu gani? Wamo Wasoga, Wagisu, Wagwere na Waganda. Wamo Wanubi na Waswahili. Wamo watu wa asili ya Yemen, Somalia na Bara Hindi. Na kati ya Wahindi walikuwamo Wasunni, Maismaili, Mabohora na Maithnaasheri. Katika miaka ya 1920 Waislamu wa Uganda waligawanyika hata juu ya sala ya Ijumaa: wengine wakisali Ijumaa peke yake, na wengine wakiongeza Adhuhuri nyuma yake. Wakati huo afisa aliandika katika daftari yake neno moja tu: Waislamu.

1972 NA 1979

Mwezi wa Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi watoke Uganda, wakapewa siku 90. Jinja, mji wa viwanda na maduka, ulitikisika kuliko miji mingi. Neno lililotumika lilikuwa moja, Wahindi, na sababu iliyotolewa ikawa moja, kwamba wanakamua uchumi wa nchi. Walikuwamo kweli matajiri wakubwa, na yalikuwako manung'uniko ya haki juu ya mishahara na juu ya dharau. Lakini aliyefukuzwa hakuwa tajiri peke yake. Alifukuzwa na karani, na fundi, na mwalimu. Baniani, Kalasinga, Mgoa Mkristo, na Mwislamu aliyekuwa akisimama safu moja na Wasoga katika sala. Maduka yakagawiwa watu wengine, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo Waislamu. Si wengi waliouliza kosa la mwenye duka lilikuwa ni lipi.

Katika utawala huo huo Abayudaya wa Mbale walikatazwa kuabudu na masinagogi yao yakafungwa, hata wengi wakaiacha dini yao. Kosa lao lilikuwa ni jina. Amin aligombana na nchi ya Israeli, ambayo wakulima hao wa Mlima Elgon hawakupata kuiona hata siku moja.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwezi wa Aprili 1979 Amin alipinduliwa, na neno la jumla likawageukia Waislamu. Ilisemwa kwamba Amin alikuwa Mwislamu, basi Waislamu ni watu wa Amin. Huko Bushenyi, magharibi ya Uganda, mwaka huo huo, Waislamu wa vijijini waliuawa, hata wanawake na watoto, na misikiti ikabomolewa. Mkulima ambaye hakupata cheo wala duka aliadhibiwa kwa sababu ya kanzu yake.

Watu wa Jinja walikuwa na jawabu la kauli hiyo, lau wangaliulizwa. Shaban Nkutu alikuwa Mwislamu, Msoga, aliyekuwa waziri katika serikali ya Milton Obote. Mwezi wa Januari 1973 alikamatwa na watu wa Amin akauawa, na maiti yake ikatupwa katika mto Nile. Mwaka wa 2005 mabaki yake yalifukuliwa yakazikwa kwa heshima. Ikiwa Uislamu ulikuwa ni ngao mbele ya Amin, mbona haukumkinga Nkutu? Na ikiwa Waislamu wote walikuwa watu wa Amin, huyu aliyetupwa mtoni alikuwa mtu wa nani?

MIZANI YA NENO LA JUMLA

Dini yenyewe imetoa mafunzo katika jambo hili. Katika Sura ya Al Imran, baada ya kutajwa makosa ya watu wa Kitabu, Mwenyezi Mungu anabainisha kwamba watu hao hawalingani, na kwamba wamo miongoni mwao wasimamao usiku kwa ibada. Katika Sura ya Al Hujurat imeelezwa kwamba mataifa na makabila yaliwekwa ili watu wajuane; na katika Sura hiyo hiyo waumini wanaonywa wajiepushe na dhana nyingi. Basi majina ya mataifa hayakukatazwa. Yalipewa kazi, nayo ni kujuana.

Mwenye kutaka kulipima neno la jumla na aulize maswali matatu. Kwanza: neno hili limetokana na watu wangapi, na ni nani aliyewatazama? Aliyeibiwa na Mgisu mmoja hajawajua Wagisu. Pili: neno hili ni la zama gani? Lililokuwa kweli juu ya skuli za mwaka wa 1930 huenda si kweli leo. Tatu: neno hili laeleza, au lahukumu? Likieleza, na lisikizwe na kuchunguzwa. Likitaka kumtia mtu mmoja hatiani kwa tendo la mwingine, na likataliwe, kwani katika Uislamu hakuna nafsi ichukuayo mzigo wa nafsi nyingine.

Maswali hayo hayamhusu adui peke yake. Mwislamu aseme nini juu ya Wakristo, na Msuni juu ya Maismaili, na Msoga juu ya Mnubi? Mtu huliona upesi neno la jumla linapomchoma yeye, akakawia kuliona linapotoka kinywani mwake.

Mfano wa mwisho watoka Mbale. Mwaka wa 2001, tarehe 11 Septemba, mmoja wa Abayudaya, mkulima wa kahawa J. J. Keki, alikuwako New York, akayaona kwa macho yake yale majumba mawili marefu yakishambuliwa na watu waliojiita Waislamu. Siku zile, katika nchi nyingi, watu ambao hawakuwa karibu na mji huo walitoa hukumu juu ya Waislamu wote. Keki alirudi kwao, akapita kwa jirani zake Waislamu na Wakristo, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wauze kahawa yao pamoja. Mwaka wa 2004 wakaanzisha chama cha ushirika kwa jina la Kiganda, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Mtu huyo alikuwa na sababu zaidi ya wengi ya kusema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini aliwajua majirani zake kwa majina yao, na kwa mashamba yao, na kwa ahadi walizozitimiza. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kusikia. Hupatikana kwa kubisha hodi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.